Jinsi ya kuutambua uyoga wa sponji kwenye mashamba ya mapaini

Mvua zikishika huku Mufindi, kuanzia Desemba hivi, simu yangu hujaa picha za uyoga: "Huu unaliwa?" Karibu zote zimepigwa kwa juu, kofia tupu. Kwa juu siwezi kukuambia kitu. Hapa naeleza aina moja tu, Suillus granulatus, inayoota kwenye mapaini ya Sao Hill.

1. Anza na mti. Kabla hujainama, tazama juu. Uyoga huu hauoti kwenye gogo wala kwenye samadi. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya paini chini ya ardhi: zinaupa mti maji na madini, mti unazipa sukari. Pasipo na paini, haupo. Na paini si mti wa kwetu. Pinus patula tunayoipanda asili yake ni Mexico, na uyoga ulikuja na miti. Ndiyo maana bibi yangu, aliyeujua uyoga wa miombo mmoja mmoja kwa jina, huu hakuwa na jina la kuuita. Ukiokota unaofanana nao chini ya mkusu au mtundu, usitumie maelezo haya. Miombo ina uyoga wa sponji wa kwake, na sifa zake ni nyingine.

2. Ng'oa mzima. Ingiza kisu udongoni chini ya shina, uuinue pamoja na kitako. Jamii ya Amanita, yenye uyoga unaoua, nayo hupenda mizizi ya paini, na mingi ina kikombe au uvimbe kitakoni. Ukikata juu juu, alama hiyo umeiacha ardhini.

3. Geuza. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiona matamvua yaliyopangana kama kurasa za kitabu, uache, hata kama kofia inafanana. Wetu una vitundu vidogo vidogo, kama sponji la kuoshea vyombo, rangi ya njano iliyopauka. Uende alfajiri, utafute uliochomoza jana au juzi: kwenye vitundu utakuta matone meupe kama maziwa yaliyochujwa. Jua likipanda, matone hukauka na kuacha madoa ya kahawia. Mimi nikiyaona matone hayo moyo hutulia, ingawa bado sitii kikapuni.

4. Kofia na shina. Kofia ina upana wa sentimita 4 hadi 10, kahawia inayoelekea rangi ya chungwa. Ikiloa huteleza kama mlenda, na majani ya paini huganda juu yake. Shina ni la njano hafifu, na karibu na kofia lina chembechembe ukilipapasa. Halina pete. Wenye pete na kofia ya kahawia iliyokolea ni ndugu yake, Suillus luteus, naye ni wa mapaini.

5. Pasua katikati, subiri dakika tano. Nyama hubaki njano au nyeupe. Ikigeuka bluu, si wenyewe. Tupa.

6. Vumbi la mbegu. Laza kofia, vitundu chini, kwenye karatasi nyeupe, funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Vumbi liwe la rangi ya mdalasini. Likiwa jeupe, umekosea mahali.

Habari za kupima sumu kwa kuchemsha uyoga na kitunguu au sarafu uone kama vitageuka rangi, sahau. Na konokono kuutafuna si kibali. Konokono hutafuna hata unaoua mtu.

Beba kwa kikapu, maana kwenye mfuko wa plastiki hugeuka uji kabla hujafika nyumbani. Menya ngozi yote ya kofia, na kwa uliokomaa ng'oa sponji pia. Mwaka wangu wa kwanza niliupika na ngozi yake, usiku nikashinda kwenye njia ya chooni na tochi mkononi.

Hata ukimenya, upike uive sawasawa, na mara ya kwanza onja vijiko viwili tu. Wapo ambao tumbo lao haliutaki kabisa. Uyoga mmoja mzima, mbichi, ufunge kwenye karatasi uuweke pembeni mpaka kesho kutwa. Mtu akiumwa, ndio wa kwenda nao hospitali.