Umeongeza kadi ya michoro kwenye kompyuta ya ofisi na gemu bado zinakwama? Fuata hatua hizi

Mpwa wangu alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba Kariakoo, zile zilizokwisha kutumika maofisini: prosesa ya Core i5-7500, RAM ya GB 8, SSD. Akadunduliza miezi kadhaa, akaongeza kadi ya GTX 1650. Alipofungua GTA V, gari likawa linakwenda vizuri sekunde mbili, kisha linaganda, kisha linaruka. Akanipigia: "Shikamoo mjomba. Kadi hii mbovu, niirudishe?" Kadi ilikuwa nzima. Lakini ilituchukua jioni mbili kulijua hilo, na sitaki wewe upoteze hata moja.

Hatua ya 1: Waya wa skrini

Uchomeke kwenye kadi, usiuchomeke kwenye tundu la madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Songa mbele.

Hatua ya 2: Pima kabla hujagusa kitu

Weka programu za kupimia, MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, uonyeshe juu ya gemu vitu hivi: matumizi ya kadi, joto la kadi na la prosesa, matumizi ya kila kiini cha prosesa, RAM iliyotumika, na muda wa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini. Sitaki hata kuziona zile programu zinazoahidi kuharakisha kompyuta kwa kubofya mara moja. Zinazima huduma za Windows ambazo huzijui, na baadaye hujui ulianzia wapi kuharibu.

Zima V-Sync (inayofunga fremu zifuate kasi ya skrini) na ukomo wowote wa fremu kwanza. Ukiacha ukomo wa fremu 60, kadi inaweza kukaa asilimia 50 kwa sababu imeshamaliza kazi yake, nawe ukadhani ina tatizo. GTA V ina jaribio lake lenyewe ndani ya mipangilio. Liendeshe mara tatu, ulitupe tokeo la mara ya kwanza kwa kuwa gemu bado inapakia vitu.

Sasa soma. Kadi ikikaa asilimia 95 hadi 99 muda wote, imefika mwisho wa uwezo wake: punguza ubora wa picha, hasa tekscha (picha zinazofunika kuta, barabara na magari), maana kumbukumbu ya kadi, GB 4, hujaa haraka. Kadi ikiwa asilimia 50 au 60 huku fremu zinaporomoka, kadi inasubiri kuletewa kazi. Ya mpwa wangu ilikuwa hivyo. Hapo kununua kadi kubwa zaidi ni kumwaga pesa.

Hatua ya 3: Umeme

GTX 1650 imepangiwa wati 75, kiasi ambacho tundu la PCIe, lile kadi inapochomekwa, lenyewe linaruhusiwa kutoa, na matoleo mengi hayahitaji waya wa ziada. Ndiyo sababu naipendekeza kwa kompyuta za ofisi, ambazo pawasaplai zake ni ndogo na mara nyingi hazina waya wa kadi. Ukiuziwa kadi yenye tundu la pini 6 pamoja na kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, kataa. Waya ule umepangiwa wati 54 tu kwenye volti 12, na ukizidiwa huyeyuka.

Hatua ya 4: Joto

Mashine ya mwaka 2017 huenda pesti yake, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, imekauka. Fungua kipoza joto, futa kwa spiriti, paka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, puliza vumbi huku umeishika feni isizunguke. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe. Yetu ilishuka hadi nyuzi 70 na kidogo. Gemu ikaendelea kukwama vilevile.

Hatua ya 5: RAM, na hapa usikimbie

Jioni ya kwanza yote tulifuta draiva, tukaweka upya, tukafuta Windows nzima, tukaweka upya. Hakuna kilichobadilika. Chanzo kilikuwa ile GB 8, ambayo ilikuwa stiki moja.

Prosesa hii ina chaneli mbili za kumbukumbu, yaani njia mbili za kusoma RAM kwa pamoja. Stiki moja ya DDR4-2400 (DDR4 ni aina ya RAM, 2400 ni kasi yake) inapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Stiki mbili, kila moja kwenye chaneli yake, zinapitisha GB 38.4. Kazi ya ofisi haitambui tofauti hiyo. Gemu yenye mji mzima wa magari na watu inaitambua mara moja, na inajitokeza hasa kwenye kule kuganda kwa ghafla kuliko kwenye wastani wa fremu.

Tukanunua stiki ya pili, tukaichomeka. Windows ikaonyesha GB 16, tukafurahi, na gemu ikakwama tena. Hapo ndipo jioni ya pili ilipoishia. Task Manager inakwambia matundu mangapi yamejaa. Haikwambii kama chaneli mbili zinafanya kazi. Fungua programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory, usome mstari wa Channel. Sisi tulikuta Single. Stiki zote mbili tulikuwa tumezichomeka kwenye chaneli moja.

Mpangilio wa matundu haufanani kwa madabodi zote. Kwenye nyingi zinazouzwa dukani, matundu mawili yaliyopakana ni chaneli moja, kwa hiyo jozi inakaa la pili na la nne. Mashine za ofisi zina utaratibu wao: nyingine zina vibanio vyeupe kwa jozi ya kwanza na vyeusi kwa ya pili. Tazama mchoro ndani ya kifuniko au namba za DIMM (matundu ya RAM) kwenye bodi, usibahatishe.

Unaponunua, soma lebo. Baada ya maandishi kama PC4-2400T kuna herufi: U ndiyo yako, S ni ya laptopu, R ni ya seva. Za R huwa na bei ya kuvutia sana na kwenye mashine hii hazitawaka. Usiongeze pesa kwa ajili ya RAM ya kasi ya 3200. I5-7500 itaiteremsha hadi 2400. Ukichanganya GB 4 na GB 8, sehemu tu ya kumbukumbu ndiyo itakayopata chaneli mbili. Nunua zinazolingana.

Mashine ikilia au ikabaki giza, zima, chomoa waya wa umeme, sugua meno ya dhahabu ya stiki kwa raba ya penseli, futa vumbi la raba, rudisha mpaka vibanio vilie "ka". Ukiwasha, subiri hata dakika moja kabla ya kukata tamaa.

Tulipohamisha stiki, CPU-Z ikaandika Dual, na kadi ikapanda hadi asilimia 90 na zaidi. Mpwa wangu alinyamaza kabisa akiendesha lile gari.

Hatua ya 6: Draiva

Weka toleo jipya kabisa la draiva ya kadi, kutoka tovuti ya NVIDIA. Chagua mpango wa umeme wa utendaji wa juu. Basi.

Kinachobaki

i5-7500 ina viini vinne na nyuzi nne tu za kazi (threads, yaani kazi inazoendesha kwa wakati mmoja). Gemu mpya zitaijaza zote asilimia 100, na hapo dawa ni kuweka ukomo wa fremu 60, au hata 50, ndani ya RivaTuner. Fremu 50 zilizotulia zinachezeka kuliko 80 zinazoruka. Ukitaka kupandisha prosesa, tafuta i7-7700 ya wati 65, yenye nyuzi nane. Acha 7700K, ni wati 91 na kipoza joto cha ofisi hakiiwezi. Acha pia i7-8700, hata muuzaji akikuonyesha kwamba inakaa vizuri tunduni: soketi inafanana kwa umbo, lakini madabodi ya kizazi cha saba haitaiwasha.