Jinsi ya kulima mgagani na mlenda wa porini nyumbani, na hela yake inapatikana kiangazi

Watu wa Dodoma na Singida mboga hizi tunazijua tangu utoto. Mvua zikishika mwezi wa 12 mgagani unajiotea wenyewe pembeni ya zizi, mlenda uko katikati ya mtama, na miezi ile hakuna atakayekupa hela ya maana maana kila mtu anao nyuma ya nyumba. Njoo sasa mwezi wa 8, pori limekauka, mjini watu wanautafuta na haupo. Kwa hiyo anayetaka kulima hizi mboga kibiashara apige hesabu zake kwa kiangazi, masika ayatumie kupata mbegu na kukausha.

Mbegu usinunue kama mgagani bado upo kwenu. Chagua miche yenye majani mapana na inayochelewa kutoa maua, ifunge kitambaa ili watoto wasiichume, iache ikomae. Vile viganda vyake virefu vyembamba vikianza kuwa njano vichume hapo hapo, ukisubiri vikaukie juu ya mche vitapasuka na mbegu zote zitamwagika, na zenyewe ni nyeusi na ndogo sana huwezi kuziokota kwenye udongo. Anika kivulini juu ya turubai, pukuta, pepeta, tia kwenye chupa kavu. Halafu subiri, hapa ndo wengi wanakata tamaa wanasema mbegu mbovu, kumbe mbegu mpya ya mgagani inakuwa bado imelala, ukiivuna leo ukaisia wiki ijayo itaota kidogo sana au isiote kabisa. Ipe miezi 3 mpaka 6. Ukivuna mwezi wa 3, mwezi wa 8 iko tayari kabisa kwa bustani ya kumwagilia.

Mlenda uko wa aina nyingi, mimi nausemea ule wenye jani la kingo kama msumeno na vimkia viwili vyembamba chini ya jani. Mbegu yake ina ganda gumu, kwa hiyo ifunge kwenye kitambaa, ichovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka kama sekunde 10 tu, itoe, iache ikauke usiku mzima, kesho sia.

Kwa nchi kavu kama ya kwetu usiinue tuta, chimba tuta la kuzama ili maji yasikimbie. Upana mita 1 inatosha ufikie katikati bila kukanyaga. Changanya samadi iliyooza, ya kutosha kweli, mgagani unapenda samadi ndo maana huko porini unakaa karibu na zizi. Changanya mbegu na mchanga, sia kwenye mistari ya sentimita 30, fukia kidogo tu, na usihamishe miche maana mzizi wake unashuka moja kwa moja chini na haupendi kusumbuliwa. Baada ya wiki 2 au 3 punguzia, ile uliyong'oa ni mboga ya jioni hiyo hiyo. Wiki ya 4 mpaka ya 6 anza kuchuma, kata ncha ya juu ili utoe matawi, na ua likichungulia tu likate maana likishakomaa majani yanakuwa machache na magumu. Wadudu mafuta wakija nyunyizia jivu asubuhi na umande, na ukichuma osha vizuri. Dawa ya pamba usiguse jamani, hii ni mboga ya majani watoto wetu wanakula.

Kama korongo limekauka na huna maji, basi kausha ile ya masika. Osha, chovya kwenye maji ya moto dakika 2, tandaza nyembamba kwenye wavu safi kivulini, jua kali linaua rangi na vitamini. Jani likikauka mpaka linavunjika mkononi ndo ufungashe. Na kagua kila jani, mnanaha unaota sehemu hizo hizo na ni sumu, ukichanganyika humo unaweza kuua mtu.

Mpakani mwa shamba panda mbuyu, kwangua ganda la mbegu kwanza na uloweke siku nzima. Matunda yatachukua miaka mingi lakini majani machanga ni mboga, na unga wa ubuyu unaruhusiwa soko la Ulaya tangu 2008, kwa hiyo kikundi kikiwa na mzigo msafi kina pa kuanzia.

Upande wa miti ya dawa za asili naomba tuwe makini. Mti ukiuzungushia kisu ukabandua gome pande zote umeuua, osokonoi, mti ambao watu wanatafuta gome lake kwa dawa, umeisha sehemu nyingi kwa tabia hiyo. Panda wa kwako, chuma majani na vijitawi, mkilazimika kuchukua gome iwe kipande kidogo upande mmoja. Mbegu ya osokonoi ni tofauti na ya mgagani, sia ikiwa mbichi, ikikaa inakufa. Kwenye hifadhi ya msitu usivune bila kibali. Na kuuza majani makavu ni kitu kimoja, kumwambia mtu haya yanatibu sukari ni kitu kingine, Tanzania kuna sheria ya tiba asili ya 2002 na Baraza lake, kwa hiyo kama hujasajiliwa muuzie mganga aliyesajiliwa, au nenda halmashauri uliza taratibu kabla hujachapa lebo.