Jinsi ya kuomba kipengele kipya kwenye Penpot ili ombi lako lifanyiwe kazi

Wadau, Adobe walivyotangaza Septemba 2022 kwamba wanainunua Figma, programu ya kudizaini app na tovuti, kwa dola bilioni 20, madizaina kibao walianza kuichungulia Penpot, programu huria ya kazi hiyohiyo, na hata dili lilivyokufa Desemba 2023 kuna wengi waliobaki hukohuko. Sasa wengine wamehamia na mazoea yao, ombi linakuja mstari mmoja tu, "wekeni kile kitu cha Figma", basi. Timu inayoitengeneza, Kaleidos ya Hispania, hapo itajuaje wewe unakwama wapi? Na wakikitengeneza vilevile kama kilivyo kule inawezekana kabisa kazi yako ikabaki imekwama palepale.

Kwa hiyo anza na kazi yako, batani iache kwanza. Tuseme unadizaini app ya kikundi cha kuweka akiba, skrini arobaini, halafu mteja kabadilisha jina la huduma na kesho ndo mnawasilisha. Usiandike "naomba sehemu ya kutafuta na kubadilisha maandishi" ukaishia hapo. Eleza ulikuwa unafanya nini, jina liko kwenye leya ngapi, mangapi yako ndani ya komponenti (kipande kinachotumika tena na tena) na mangapi yameandikwa kwa mkono, sasa hivi unalibadilishaje na inakula muda kiasi gani, na ukisahau sehemu moja kinatokea nini. Hapo developa anaona tatizo lenyewe, na anaweza kukuletea njia ambayo wewe hukuifikiria, labda bora kuliko uliyoomba. Wazo lako la batani liweke mwishoni kama pendekezo, na mchoro ukiwa nao weka, mchoro unasaidia sana.

Ila kabla hujaandika chochote cheki unatumia toleo gani. Kama ofisini mnaihost wenyewe kwenye seva yenu kwa Docker inawezekana hamjaapdeti muda mrefu, na toleo la 2.0 la Aprili 2024 lilibadilisha vingi, komponenti zilifumuliwa upya, ikaja Grid ya kupanga vitu kwa mistari na safu, mwonekano wote ukawa mpya. Cheki na plagini pia, yaani viongezi vya programu, mfano kupima kontrasti ya maandishi na rangi ya nyuma, ile 4.5 kwa 1 ya WCAG (miongozo ya kufanya wavuti utumike na watu wote), plagini yake ipo tayari. Halafu nenda GitHub, tovuti ulipo msimbo (code) wa Penpot, tafuta kama kuna mtu ashaomba, na utoe ile filta inayoonyesha ishu (maombi na ripoti) zilizo wazi tu, maana pengine lilishajibiwa likafungwa. Ukilikuta bado liko wazi usifungue jingine, weka dole gumba, kisha ongeza koment yenye hali yako, sio "na mimi pia" tupu.

Kuna jambo naona watu wanalipita na ndo lenye uzito kuliko yote. Penpot imejengwa juu ya viwango vya wavuti, yaani SVG ya michoro na CSS ya mwonekano wa kurasa, Flex na Grid za kupanga vitu unazotumia pale zinafuata CSS yenyewe, na ukifungua tabu ya kukagua unapata msimbo wa kumpa developa wako. Ukiomba kitu cha kupanga vitu jiulize kwanza kwenye CSS kipo? Kama kipo kitaje kwa jina lake, ombi lako linapata nguvu papo hapo. Kama hakipo, jiandae kueleza developa atakijengaje kwenye ukurasa halisi, kwa sababu picha nzuri isiyojengeka kwenye brauza inaivunja ile faida yenyewe ya Penpot.

Kuandika, tumia Kiingereza chepesi, sentensi fupi, hakuna anayekusahihisha insha. Ombi moja kwa ishu moja, ukichanganya matatu hakuna linalofungika. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi kikaharibika hicho ni bagi (hitilafu), kiripoti kivyake, taja brauza na toleo. Ambatanisha video fupi ya skrini au faili dogo la .penpot ulilotengeneza kwa ajili hiyo tu, na nasisitiza kazi ya mteja usiiweke pale, ishu za GitHub zinasomwa na dunia nzima, logo na namba za simu za watu zikishatoka hazirudi.

Ukiona hitaji ni la ofisi yenu tu, plagini inaandikwa kwa JavaScript, kijana yeyote wa frontendi (anayejenga sehemu ya tovuti inayoonekana) anaweza kujaribu. Kuingia kwenye programu yenyewe ni kazi nyingine, imeandikwa kwa lugha za Clojure na ClojureScript, leseni ni MPL 2.0 ya programu huria kwa hiyo msimbo uko wazi kwa kila mtu, ila kwa badiliko kubwa ongea nao kwanza kabla hujakesha wiki nzima.

Ukishatuma usipotee. Wakikuuliza swali jibu mapema ukiwa bado unakumbuka, na toleo lenye hicho kitu likitoka lifungulie kazi ileile iliyokukwamisha, uwaandikie palepale kwenye ishu imekubali wapi na wapi bado.