Namna ya Kusoma Majibu ya TSH Kabla ya Kumwona Daktari

Mimi ni muuguzi, naishi Mbagala, na akina mama hunijia na karatasi ya maabara: "Dada, TSH imepanda, kwa hiyo tezi yangu inafanya kazi sana?" Hapana mama, mara nyingi ni kinyume chake.

Anza na chanzo. TSH ni homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe kwenye damu, na haitoki shingoni. Hutolewa na pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, kuiamuru thairoidi, tezi ya shingoni, itoe T4, homoni yake inayoendesha kasi ya mwili. T4 ikipungua kwenye damu, pituitari huongeza TSH, ikizidi, huipunguza. Basi TSH juu na T4 chini, thairoidi imelegea, haitoi T4 ya kutosha. TSH chini na T4 juu, inazalisha kupita kiasi. Zote mbili zikiwa chini, muulize daktari kuhusu pituitari yenyewe. Tafadhali usione haya kuuliza, maana hili hupitwa kirahisi ukitazama TSH peke yake.

Linganisha na viwango vilivyochapwa kwenye karatasi yako. Kwa watu wazima TSH huwa takriban 0.4 hadi 4.0 mIU/L. Mjamzito ana vyake.

Ukiandikiwa levothairoksini, dawa ya kujazia T4 iliyopungua, imeze asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai na chapati. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu visubiri hadi zipite saa nne baada ya dawa hiyo. Kipimo cha TSH kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu TSH hutulia polepole. Usiache dawa eti umepata nafuu.