Namna ya kusoma habari za Sunni na Shia bila kupotoshwa

Vita vikizuka Mashariki ya Kati, usianze kwa kuuliza nani Shia na nani Sunni. Vijana wanaonijia na simu zao baada ya Magharibi hapa Kisumu huanzia hapo, na ndipo wanapopotea. Mimi hufundisha historia, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza.

Jua asili kwanza, tena usiipite mbio. Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka 632, na kilichowagawa Waislamu ni uongozi: nani ashike nafasi yake? Wengi walimkubali Abu Bakr; wanaofuata njia yao ndio Sunni. Wengine waliona haki ni ya Ali, binamu na mkwe wa Mtume; wanaofuata njia yao ndio Shia. Ali alikuja kuwa khalifa wa nne, akauawa katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 661. Mwaka 680, tarehe 10 Muharram, mwanawe Hussein, aliyekataa kumpa Yazid, khalifa wa wakati huo, kiapo cha utii, aliuawa Karbala, Iraq, pamoja na jamaa zake, wakiwa wamezuiwa maji ya Mto Furati. Mimi ni Sunni, na nikifika hapa darasani sauti hunibadilika. Huyu ni mjukuu wa Mtume wetu sote. Ukimsikia mtu akiwadhihaki wanaomlilia siku hiyo ya Ashura, mkanye.

Kisha tenganisha matawi. Wairani wengi ni Ithnaasheri, wanaofuata maimamu 12. Waismailia wa Aga Khan, ambao hospitali yao kila mtu Kisumu anaijua, nao ni Shia, lakini wana imamu wao na hawamfuati kiongozi wa Tehran. Wahouthi wa Yemen ni Wazaidi, tawi jingine la Shia. Ukiwatia wote kapu moja, utamlaumu jirani yako kwa kombora asilolijua.

Sasa chukua karatasi, hata mgongo wa kalenda iliyopitwa, uchore ramani ya Ghuba na nchi za jirani. Kwa kila nchi andika madhehebu ya watawala, na kando yake madhehebu ya raia walio wengi. Iran italingana. Bahrain haitalingana: ufalme ni wa Kisunni, raia wengi ni Shia. Iraq ya Saddam vivyo hivyo. Syria ya Assad, hadi alipoanguka Desemba 2024, ilikuwa kinyume chake: wakubwa Waalawi, tawi lililotokana na Ushia, raia wengi Sunni. Pasipolingana, tazama nani anapewa kazi serikalini na jeshini, na nani ananyimwa. Watu wa Bahrain walipoandamana mwaka 2011 wakidai mageuzi, wakubwa walisema ni njama ya Iran, na majeshi ya Saudia yakavuka daraja kuwasaidia.

Halafu zungushia duara mwaka 1979. Kabla yake Shah, yaani mfalme, wa Iran, Shia, na wafalme wa Saudia, Masunni, wote walikuwa upande wa Marekani. Mwaka ule Wairani hawakubadili madhehebu, walibadili utawala. Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo, alipoingia na kusema ufalme haufai, wafalme wa Ghuba waliogopa kupinduliwa, na hapo ndipo ugomvi wa karne nyingi ulipopata pesa na silaha mpya. Na bado, katika vita vya 1980 hadi 1988, askari wengi wa Iraq waliopigana na Iran walikuwa Shia.

Ukiwa na ramani hiyo, ijaribu. Hamas, kundi la Wapalestina, ni Sunni na Iran inaisaidia. Azerbaijan ina Shia wengi, lakini Iran ilikuwa karibu zaidi na Armenia ya Kikristo. Mwaka 2017 Saudia, Misri na wenzao waliifungia mipaka Qatar, Masunni kwa Masunni, na Iran ikaifungulia anga lake. Saudia na Iran zilivunja uhusiano mwaka 2016, zikapatana Beijing mwaka 2023, wala hakuna aliyebadili namna ya kusali.

Video ikikufikia kwenye WhatsApp imeandikwa "tazama Shia wanavyoua Sunni", au kinyume chake, uliza imepigwa wapi, mwaka gani, na nani anagombea nini mahali hapo. Aliyeituma akikosa majibu, usiisambaze.

Mwisho, tia alama Mlango wa Hormuz, njia nyembamba ya bahari ya kutokea Ghuba. Mafuta yetu hutoka Ghuba, hushuka Mombasa na kufika Kisumu kwa bomba. Wenye bodaboda wa Kondele huniuliza sana kuhusu madhehebu. Mimi huwaonyesha alama hiyo kwanza.