Kabla Hujachemsha Manjano: Mambo ya Kuzingatia Ukitaka Kupunguza Inflamesheni Mwilini

Ukiwa unakata kitunguu kisu kikakuteleza, kesho yake kidole kitakuwa chekundu, kimevimba, kina joto na kinauma. Dalili hizo nne aliziandika Mroma mmoja, Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, na madaktari wanazifundisha mpaka leo. (Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana, lakini joto utalisikia.) Kidole hicho kinajitibu: damu imeongezwa pale, chembe nyeupe zimemiminika kupambana na vijidudu, na baada ya siku chache shughuli imeisha. Hiyo ndiyo inflamesheni. Bila hiyo kisu cha jikoni kingetosha kutumaliza.

Lakini inflamesheni ziko za aina mbili, na ya pili ndiyo inayosumbua, ile sugu isiyoisha. Waliokulia pwani wanaujua moto wa makumbi ya nazi: hauna ndimi, hauangazi, unapita kando yake huuoni, lakini ukitia mkono asubuhi yake unaungua. Mwili nao unaweza kukaa miaka katika hali hiyo, huku mishipa ya damu, maungio, ini na kongosho vikiliwa polepole.

Mimi nauza dawa. Wiki haipiti bila mtu kuja dukani kuulizia "kitu cha asili cha kuondoa inflamesheni", na mara nyingi ameshika karatasi yenye maelekezo ya kuchemsha manjano, tangawizi na asali aliyotumiwa na shemeji. Simkatazi. Ila kuna mambo ningependa ayamalize kabla hajabandika sufuria.

Ajue kwanza moto unawaka wapi. Kwetu huku inflamesheni sugu haitokani na kitambi na soda peke yake. Mtu aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria anaweza kuwa na kichocho tangu utotoni. Mayai ya wale minyoo yakinasa kwenye ini, utumbo au kibofu, mwili unapigana nayo miaka nenda rudi, na kichocho cha mkojo kinaweza hata kuzaa saratani ya kibofu. Hapo dawa ni prazikwanteli, tangawizi haina kazi. Kuna bakteria wa tumbo, H. pylori, kuna kifua kikuu, kuna homa ya ini aina ya B. Halafu kuna fizi. Watu wanacheka nikiwauliza kama wakipiga mswaki wanatema damu, lakini fizi zinazovuja damu kila asubuhi ni kidonda kilicho wazi mwaka mzima. Kusafisha meno kwa daktari kunaweza kukufaa kuliko kopo zima la unga wa manjano. Na kama unapungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku hadi shuka linalowa, au vidole vinakakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa ndipo vikubali kukunjika, usianze na chakula. Anza hospitali.

Kisha apime, ili baadaye ajue kama kuna kilichobadilika. Kipimo kinachotumika sana ni CRP, protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapokuwa vitani. Iligunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwa inflamesheni ya chinichini, omba ile ambayo maabara huiandika hs-CRP. Chini ya miligramu 1 kwa lita ni vizuri, kati ya 1 na 3 ni wastani, juu ya 3 moyo uko kwenye hatari zaidi. Ikipita 10, usikimbilie kulia: mara nyingi ni mafua, malaria au jipu, kwa hiyo pona kwanza, subiri wiki mbili, urudie. Kama huna hela ya maabara, azima futi ya fundi cherehani. Zungushia kiuno ukiwa umetoa pumzi. Mwanamume akipita sentimita 94, mwanamke 80, tayari kuna la kushughulikia, maana mafuta ya tumboni hayajakaa tu pale kama mzigo. Yanamwaga ndani ya damu kemikali zilezile zinazochochea moto.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kukagua kilichomo tayari ndani ya mfuko wako wa dawa. Kuna mama mmoja alikuja analalamikia magoti, akafungua pindo la kanga akanitolea vidonge vidogo vyeupe kwenye kikaratasi cha daftari. "Hii ni mitishamba, mwanangu, imeniponya kabisa. Nataka tu ya kuongezea." Nikamtazama usoni. Mashavu yalikuwa yamejaa, uso wa duara kama mwezi, mikono imekonda. Hiyo si mitishamba. Kwa kila dalili ile ilikuwa steroidi, na alikuwa anaimeza miezi minane bila kujua. Steroidi inazima inflamesheni kweli, tena haraka, ndiyo maana wauzaji wasio waaminifu wanaipenda. Lakini inapandisha sukari na presha na kula mifupa. Ubaya zaidi ni kwamba ukiimeza muda mrefu huwezi kuiacha ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, na mtu anaweza kuanguka akafa. Nilimsindikiza hadi kwa daktari, akapunguziwa kidogokidogo kwa wiki nyingi. Ukikutana na "dawa ya asili" inayoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, iogope.

Diklofenaki nayo, ile dawa ya maumivu, watu wanaimeza kama karanga. Siku tatu sawa. Miezi mitatu unalipa kwa vidonda vya tumbo na figo. Kwa anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, manjano na tangawizi za kwenye mchuzi hazina neno, ila vidonge vyake vyenye nguvu vinaweza kumletea kutokwa damu. Unga wa manjano una kukumini, ile kemikali yake inayosifiwa, kama asilimia 3 tu, na nyingi inapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Pilipili manga husaidia iingie. Hivyo vidonge vilivyoongezewa nguvu ndivyo vilivyowahi kuumiza maini ya watu. Ya kwenye pilau iache ilivyo.

Chakula sasa. Hapa tuna bahati, kwa sababu jambo hili limepimwa Kilimanjaro kwenyewe. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichukua wanaume 77 wenye afya na kutoa matokeo mwaka 2025. Wa kijijini walilishwa kwa wiki mbili vyakula vya kisasa, vya kusindikwa na kukaangwa. Wa mjini wakarudishiwa cha asili, ndizi, maharage, mboga za majani, ulezi. Wiki mbili tu! Kwa wale wa kijijini protini za inflamesheni zilipanda na chembe za kinga zikawa goigoi mbele ya vijidudu. Kwa wale wa mjini zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado wiki nne baadaye. Kundi jingine lilinywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wiki moja, nalo likapata nafuu. (Wachaga niliowasimulia hawakusikia kingine chochote baada ya hapo.)

Kwa hiyo sahau unga wa kigeni unaouzwa kwa bei ya mbuzi. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kinatosha. Ila jiandae: kama umezoea mkate mweupe na chipsi, usivamie maharage mara tatu kwa siku, tumbo litakuaibisha kwenye daladala. Anza na kikombe kimoja, yaloweke usiku, mwaga maji, ongeza wiki inayofuata, na unywe maji ya kutosha. Weka vibua au dagaa mara mbili kwa wiki, vya kuchemsha au kuchoma. Ukivizamisha kwenye mafuta yaliyokaangia tangu juzi umejirudisha ulikotoka. Mwenye figo mbovu asijazie ndizi bila kuuliza, zina potasiamu nyingi. Anayetumia insulini amweleze daktari kabla hajapunguza wanga, sukari isije ikamshuka akiwa njiani.

Usingizi wa saa saba, kutembea dakika 150 kwa wiki, kuacha sigara, kuhamishia jiko la mkaa nje: hayo unayajua.

Ila usitafute kuuzima moto wote. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya dawa ya kuzima inflamesheni iitwayo canakinumab, iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Mashambulio mapya yalipungua bila lehemu (kolesteroli) kuguswa, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka.

Andika leo tarehe, uzito, kiuno na namba ya CRP kwenye karatasi moja, uibandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Baada ya miezi mitatu rudi maabara ileile, siku ambayo huna mafua wala jino bovu.