Kabla hujasafiri kwenda kucheza kikapu cha watatu kwa watatu

Pasipoti kwanza. Tazama tarehe ya kwisha leo hii, usingoje wiki ya safari, maana nchi nyingi zataka iwe imebakisha miezi sita. Maombi utajaza kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, ukiwa umelala kitandani, lakini alama za vidole utakwenda kuzitoa mwenyewe. Kadi ya homa ya manjano pia. Chanjo huanza kutambuliwa baada ya siku 10, kwa hivyo anayechanjwa Ijumaa ili apande ndege Jumatatu anajitafutia ugomvi mpakani. Ukichanjwa mara moja kadi ni ya maisha. Usiipoteze.

Chuoni andika barua ya ruhusa, ipigwe muhuri, ubaki na nakala. Mhadhiri akikwambia "wewe nenda tu, tutaona", hiyo si ruhusa.

Fungua ukurasa wako wa mchezaji kwenye mtandao wa 3x3 (watatu kwa watatu) wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kwa jina lile lile la pasipoti, si lile unaloitwa uwanjani. Mashindano yaliyosajiliwa huko, hata ya mtaani, hukuwekea pointi kwa jina lako. Wengi hukumbuka jambo hili siku timu inapochaguliwa, wakati wenzao wana pointi za mwaka mzima.

Dawa. Usinunue dawa ya mafua ya dukani bila kumwonyesha daktari wa timu, kwani nyingine zina pseudoefedrini na hiyo ina kiwango chake kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia linalopima wachezaji dawa zilizokatazwa. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Mombasa, niseme waziwazi: miraa na muguka vina katini, nayo hairuhusiwi wakati wa mashindano. Usiniambie ni mti wa kawaida, kila mtu hapo kijiweni anatafuna. Hapo kijiweni hakuna anayechukua mikojo ya watu.

Mpira wa 3x3 si ule mliouzoea. Mzingo wake ni wa namba 6, uzito wake ni wa namba 7. Mdogo mkononi, mzito kifuani. Kama chuo hakina, changeni mnunue mmoja, mlale nao. Viatu viwe vya kukamata vigae vya plastiki, kwa sababu mara nyingi uwanja hutandikwa nje, mahali pa watu: Paris 2024 waliuweka Place de la Concorde, katikati ya jiji. Wengi wetu tumelelewa ndani ya ukumbi, Makande na kwingineko, ambako upepo hauingii. Tokeni nje. Kusi likivuma, nendeni uwanja wowote ulio wazi karibu na bahari mkapige kutoka nje ya tao, ule mstari uliopinda mbele ya kikapu, hadi mjue mpira unapelekwa wapi. Huku kwenye 3x3 mtupo wa nje ya tao ni pointi 2 na wa ndani ni 1, yaani wa nje ni mara mbili kamili. Mkilenga vibaya kwa sababu ya upepo, mmepoteza nusu ya mchezo.

Sasa faulo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Katika kikapu cha watano kila mchezaji huhesabu faulo zake mwenyewe. Ukifika tano unatoka, basi. Ukikulia kwenye ligi ya vyuo unakuwa na tabia hiyo: unajua zako ni ngapi, na hesabu nyingine zote unamwachia kocha na watu wa benchi. Huku ni kinyume. Hutolewi kwa wingi wa faulo zako za kawaida. Zote zinatiwa kwenye kapu moja la timu. Faulo ya 7, ya 8 na ya 9, wapinzani wanapata mitupo huru miwili. Kuanzia ya 10 wanapata mitupo miwili na mpira unarudi kwao. Na kocha hayupo. Sheria haimruhusu kukaa kando ya uwanja wala kuwaelekeza kutoka jukwaani. Mko wanne tu, watatu ndani na mmoja wa akiba.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata.

Tulikuwa ugenini, mechi ya pili ya kundi, jua la utosi. Tunaongoza 18 kwa 17, saa imebakisha dakika moja na sekunde kama arobaini. Msichana niliyekuwa nikimkaba, wa mkono wa kushoto, akanipita begani. Mwili wangu ukafanya ulichofundishwa miaka minne chuoni: mshike, usimpe kikapu cha bure. Nikamshika mkono. Filimbi. Nikarudi nyuma nikipiga makofi, nikiwaambia wenzangu tulieni, tulieni. Kwa hesabu yangu ilikuwa faulo yangu ya pili tu. Ndipo nikatazama ubao. Kwenye kisanduku chetu cha faulo palikuwa na 10.

Akatupa miwili, yote ndani. 19 kwa 18. Nikajipanga nigombee mpira, kumbe hapakuwa na cha kugombea, mpira ni wao. Chekiboli ya kuanzisha mchezo, pasi moja, nikazuiwa na mwenzake, na yule wa tatu wao, ambaye mechi nzima hakuwa amefunga kitu, akaufyatua kutoka nje ya tao. Ukaingia bila kugusa chuma. 21. Huku anayefika 21 amemaliza, hakuna kungoja dakika 10 zitimie. Faulo moja ikatugharimu pointi nne na mechi, na saa ilikuwa bado inasoma zaidi ya dakika moja. Nikainua macho jukwaani. Kocha wetu alikuwa safu ya sita, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mwenzetu wa akiba alikuwa kwenye kiti, taulo mabegani. Nikamwendea.

"Faulo zilikuwa ngapi kabla ya ile?"

"Tisa," akasema. "Nilidhani wajua, dada."

Sikuwa na la kumlaumu. Hatukumpa kazi hiyo. Tulikuwa tumempa kazi ya kushika maji na kungoja zamu yake. Kutoka kiti chake hadi nilipokuwa nimesimama ni hatua nne, tano kama una miguu mifupi.

Kwa hivyo, kabla ya kusafiri, mchezaji wa akiba apewe hesabu. Aliye kwenye kiti anahesabu faulo za timu zote mbili na kuzitaja kwa sauti kila mpira unapokufa, na anayempokea kiti anapokea hesabu. Mazoezini wekeni vizibo kumi vya soda chini ya nguzo, kila faulo mtu anaondoa kimoja mwenyewe kwa mkono wake. Utashangaa vinavyokwisha upesi. Halafu chezeni mechi za kuanzia faulo 9 kwa 9, 16 kwa 16, mjifunze kukaba kwa miguu na kuiacha mikono nyumbani. Wakati mwingine kikapu cha bure mwachie. Ni pointi 1. Mimi ningemwachia ingekuwa 18 kwa 18, mpira wetu.

Amueni pia nani ataomba mapumziko. Mnayo mara moja tu, sekunde 30. Sisi tuliondoka na yetu mfukoni.

Jingine la tabia ni kufunga kisha kugeuka kushangilia. Huku mpira ukipita wavuni hakuna filimbi. Mpinzani anauchukua pale pale chini ya kikapu, anautoa nje ya tao na anaanza kushambulia, na ana sekunde 12 tu kwa hivyo hana muda wa kukungoja. Nimeona kijana mzuri sana wa chuo akifungwa mara mbili mfululizo huku mkono wake mmoja ukiwa bado hewani.

Pumzi. Dakika 10 zinaonekana chache mpaka ucheze mechi mbili siku moja kwenye joto. Kukimbia asubuhi kutoka Tudor hadi Mama Ngina ni vizuri kwa moyo, lakini hakukuandai. Chezeni mechi, kaeni saa moja bila kulala, chezeni tena. Mkishiba pilau katikati mtajua wenyewe.

Mengine ni ya safari yoyote. Chukua jezi mbili za rangi mbili, ziweke kwenye begi la mkononi, la kwenye buti laweza kufika kesho yake. Badilisha pesa kabla. Nambari ya meneja iandike kwenye karatasi, simu huzima. Anayeishi Likoni au Mtongwe alale huku kisiwani usiku wa kuamkia safari, asianze kusimulia habari za feri wakati wenzake wako Miritini wanapanda treni. Usile kigeni siku ya kwanza. Usilale na feni imekuelekea shingoni. Na mtu akikuomba umpelekee kifurushi kidogo tu kwa binamu yake huko uendako, hata awe jirani yenu wa miaka ishirini, mwambie mizigo imejaa.